Tupeane uzoefu: uliongezea nini injini ya chombo chako cha matopeni, na kilikulipa?

Mvuta Resi
Wakuu, salamu. Wenye pikipiki za matairi manne na vigari vya wazi vya mchanga na matope, njooni tuambiane ukweli. Maneno ya kwenye boksi la kifaa tunayajua, nataka yaliyokukuta wewe.

Naanza mimi. Raptor 700, pikipiki ya matairi manne ya Yamaha, silinda moja, cc 686. Cha kwanza kununua kilikuwa ekzosi, kwa ajili ya mlio tu, sitawadanganya. Ikanguruma mtaa mzima ukajua nimerudi. Mlimani ikawa ileile. Kisha kila nikiachia resi inapasua baruti kwenye bomba, na jioni moja naliona bomba pale linapotokea kwenye silinda limeiva wekundu. Hewa imeongezeka, kompyuta inamwaga mafuta kwa hesabu za kiwandani. Nilipopangiwa upya kompyuta hiyo, ikatulia, resi za kati zikajaa kidogo. Kidogo. Hela ile ningeipeleka kwingine.

Chuma Chakavu
Nyie wa injeksheni, mnaopimiwa mafuta na kompyuta, mnadekezwa, mkuu. Mimi nilikuwa na Banshee, nayo ya Yamaha ya matairi manne, silinda mbili, cc 347, kabureta mbili, oili unachanganya mwenyewe kwenye petroli. Nikang'oa boksi la chujio, nikavalisha vichujio vidogo mdomoni mwa kabureta, jeti (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) sikugusa. Ikawa nyepesi ajabu! Hapo ndipo inapokulaghai, maana injini inayokosa mafuta huwa tamu kabla haijafa. Nikafungua resi yote kwenye uwanda mrefu, ikakaza ghafla, matairi ya nyuma yakaburuza. Imenoki. Kufungua, pistoni ina tundu katikati, kidole cha mwisho kinapita. Na kwa injini ya namna hii petroli ndiyo inayobeba oili, kwa hiyo ukiipunja petroli umeipunja na oili.

Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Siku hizi nafungia jeti kubwa kupita mahitaji, nakimbiza resi yote, nakamata klachi na kuzima hapohapo, natoa plagi naitazama. Nyeusi ya masizi, nashuka jeti moja. Kahawia ya biskuti, naacha. Nyeupe sisogei hata hatua, napandisha.

Mama Matope
Hodi humu. Kaka zangu mnakimbilia injini mno. Kigari changu ni cha klachi za mkanda, yaani mkanda kati ya klachi mbili ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Nilitoka tairi za inchi 27 nikaenda 32, kikawa mzee siku hiyohiyo. Kwenye tope kinalia bila kwenda, na harufu ya mkanda unaoungua mpaka kwenye nguo. Fundi wa kwanza akataka kuchonga silinda, aweke pistoni kubwa. Wa pili akaniuliza swali moja tu: ukikanyaga yote, mizunguko inafika ngapi? Nikatazama. Haikukaribia pale injini inapotoa nguvu zake zote, tairi zilikuwa zinaizamisha.

Akafungua klachi ya mbele, akatoa vile vyuma vya uzito, akavipima kimoja kimoja kwenye mizani ndogo, akaweka vyepesi zaidi na springi ngumu zaidi. Mizunguko ikapanda, kigari kikaamka. Injini haikuguswa hata boliti. Na tangu hapo kwenye tope natumia gia ndogo, ambayo ilikuwepo siku zote!

Gasketi Tatu
Niliweka turbo, feni ya kusukumia injini hewa zaidi, kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo. Utamu wa wiki mbili. Mgandamizo wa pistoni ulikuwa mkubwa tayari, ikaanza kugonga ndani kama kokoto kwenye kopo. Jina langu linaeleza yaliyofuata: gasketi za silinda zilizoungua.

Mpanda Kilele
Mimi hupanda milima mirefu. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300, kwa hiyo kwenye mita 3000 karibu theluthi imekwenda. Kabla hujalaumu injini, tazama uko wapi. Wa kabureta tunapunguza jeti huko juu kwa sababu hewa ni chache. Ila ukishuka rudisha, la sivyo yatakukuta ya Chuma Chakavu.

Kimya Kingi
Nilibadili kamshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini. Resi za juu inapaa, za chini imepooza, na mimi napanda mawe kwa mwendo wa kinyonga. Nikarudisha ya zamani.

Mvuta Resi
Mama Matope, shikamoo. Mimi sina klachi za mkanda ila kaka yangu anazo, tairi 30. Uliweka vyuma vya gramu ngapi nimwambie?

Mama Matope
Marahaba mwanangu. Gramu zangu hazitamfaa, uzito wa kigari na tairi zake ni vingine. Mwambie apashe mkanda moto kwanza, akanyage yote mahali panyoofu, aandike mizunguko inayotulia. Akishaniletea namba hiyo ndipo tuongee gramu.