Katuni za zamani za Conan: zichapishwe upya zilivyo, au yanayotudhalilisha yaondolewe?

Mleta mada:

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa moyoni wiki nzima, naomba tulijadili.

Toleo la 4 la Conan the Barbarian, katuni ya Marvel kuhusu Conan, shujaa wa kubuni wa upanga, lilitoka mwaka 1971. Mwandishi ni Roy Thomas, mchoraji Barry Smith, Mwingereza wa miaka 21 tu wakati huo. Conan, hapa kijana mwizi, anapanda mnara wa mchawi usiku akifuata kito cha thamani. Chumbani anakuta kiumbe chenye mwili wa mtu na kichwa cha tembo. Conan anaganda kwa hofu. Kisha anaona kwamba kiumbe ni kipofu, kimefungwa, viungo vimevunjwavunjwa kwa mateso ya miaka mingi, na kinalia. Hofu inamtoka, huruma inamwingia. Kiumbe kinamwomba akiue ili kipumzike, naye anatii. Nimesoma katuni tangu niko darasa la tano, na sijakutana na kurasa zilizonigusa kama zile.

Sasa chukua Savage Sword of Conan la 14, la mwaka 1976. Hili ni jarida la nyeusi na nyeupe, Neal Adams kachora kwa ufundi usio na mfano. Mji unaitwa Zamboula. Jua likizama watu wanatia makomeo milangoni, kwa sababu watumwa weusi kutoka Darfar, meno yao yamechongwa, wanazunguka mitaani kutafuta wasafiri wa kuwala. Darfar! Ni Darfur, imebadilishwa herufi moja tu.

Hapo ndipo panaponiuma. Mwandishi wa asili wa hadithi zote mbili ni mmoja, Robert E. Howard wa Cross Plains, Texas, aliyejiua mwaka 1936 akiwa na miaka 30. Alikuwa na huruma ya kumtosha kiumbe mwenye mkonga kutoka nyota nyingine. Mtu mweusi alimwachia meno. Thomas na Adams waliipokea hadithi ile miaka 41 baada ya kutoka, Marekani ikiwa imeshapitisha sheria ya haki za kiraia ya 1964, wakaichora.

Tangu Marvel walipoanza kumchapisha Conan tena mwaka 2019, na kampuni ya Titan Comics walipomchukua 2023, matoleo haya ya kale yanarudi sokoni kwa vitabu vinene vya jalada gumu. Wapo wanaotaka kurasa kama za Zamboula zirekebishwe au zirukwe. Mimi nasema zichapishwe zote, bila kuguswa mstari, ila wasomaji tuliochorwa mle tupewe kurasa za mbele tuseme tunachoona.

Mchangiaji wa kwanza:

Kaka, nakupinga. Wewe umezisoma ukiwa na akili zako timamu. Mwanangu ana miaka 10, hasomi utangulizi, anafunua moja kwa moja kwenye picha. Picha ikishaingia kichwani hakuna maelezo yatakayoitoa. Hergé, mchoraji Mbelgiji wa katuni za Tintin, alikirekebisha mwenyewe kitabu chake cha Tintin nchini Kongo mwaka 1946. Yeye aliweza, hawa wachapishaji wa Conan wanashindwa nini?

Mleta mada:

Dada, asante, na kuhusu mtoto wa miaka 10 hatuna ugomvi. Usimpe. Savage Sword halikuwa la watoto hata lilipotoka. Lilitengenezwa kama jarida la kurasa kubwa makusudi ili lisipite kwenye kanuni za udhibiti zilizobana katuni za kawaida za Marekani tangu 1954.

Lakini huo mfano wa Tintin ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Katika toleo la kwanza, Tintin anasimama mbele ya darasa la watoto wa Kikongo na kuwaambia atawafundisha kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946 somo likageuzwa kuwa hesabu, mbili jumlisha mbili. Zile sura za Wakongo, midomo ile na macho yale, zikabaki. Kilichofutwa ni ushahidi wa ukoloni, tusi likaachwa. Mkongo aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alifungua kesi mwaka 2007 akitaka kitabu kipigwe marufuku au angalau kiwekewe onyo. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikamkatalia. Angekuwa na lile darasa la Ubelgiji ukurasani, angalau kila msomaji angejua kitabu kilitumwa kufanya nini.

Mchangiaji wa pili, Kigali:

Samahani kuingilia. Mbona hamjamtaja Charles Saunders? Huyu ni Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada, alizipenda hizi hadithi za upanga na uchawi, akamwandika Imaro, shujaa wa jamii ya wafugaji inayofanana na Wamasai. Bara lake aliliita Nyumbani, kwa lugha yetu hii hii. Kitabu kilitoka 1981. Kilipochapishwa upya 2006, sura moja aliitoa mwenyewe, kwa sababu ilikaribia mno yaliyotupata hapa Rwanda mwaka 1994. Sisi tuliobaki tunajua uzito wa uamuzi ule. Kwa hiyo msiseme kuondoa ni kosa siku zote.

Mleta mada:

Umenigusa, ndugu yangu, na nakubali. Saunders aliona maneno yake yamekutana na vifo vya watu wa kweli, akayaondoa kwa mkono wake na akasema sababu. Huo ni uungwana. Howard hayupo, na atakayekata kwa niaba yake atakata kimya kimya, kitabu kibaki safi na jina lake libaki safi pamoja nacho.

Tena Saunders huyo huyo, mwaka 1975, aliandika insha kali kuhusu ubaguzi kwenye hadithi hizi. Aliiandika kama mpenzi wa hadithi hizo aliyeumizwa. Angeuziwa Zamboula iliyosafishwa, sijui kama Imaro angezaliwa.

Basi pendekezo langu liwe hili: insha yake ile itangulie, kabla ya picha ya kwanza ya Zamboula, kwa herufi kubwa kama za hadithi yenyewe. Dada, kikija hivyo, bado utakifungia kabatini, au utasubiri mwanao afike kidato cha pili mkisome pamoja?