Nafuatilia maisha ya mjomba, rubani aliyepotea vita vya 1978–79. Nianzie wapi?

Mpwa, Arua
Hamjambo wakubwa. Mjomba wangu alikuwa rubani wa ndege za kivita enzi za Amin. Vita na Tanzania vilipoanza aliaga nyumbani, hakurudi, wala mwili haukuletwa. Wazee husema tu "alianguka Kagera", basi. Mwaka 1979 tulipokimbilia Zaire, bibi alichoma sare na vyeti vyake, maana kukutwa na karatasi ya jeshi lile kulikuwa kujitafutia kifo. Imesalia picha moja: kasimama kando ya ndege, helmeti kwapani, na nyuma ya picha kuna muhuri wa bluu wenye herufi za Kirusi. Mama amezeeka, anataka kujua kaka yake alilala wapi.

Afande Mstaafu
Pole, mpwa wetu. Muhuri huo ni mali. Marubani wetu wengi walisomea Umoja wa Kisovieti, wengine Czechoslovakia. Tafuta anayesoma Kirusi, huenda umeandikwa jina la mji. Kisha watafute waliosoma naye. Wachache bado wapo. Waulize alirusha MiG-17 au MiG-21, na alikaa Entebbe, Gulu au Nakasongola. Mtu hawezi kukumbuka "rubani fulani", ila humkumbuka wa kikosi chake.

Msoma Magazeti, Kampala
Maktaba ya Makerere ina magazeti ya zamani, kaulizie Voice of Uganda. Gazeti Rasmi la Serikali nalo lilitangaza uteuzi wa maofisa. UBC, shirika la utangazaji la taifa, wana negativu za picha kama 70,000 za enzi hizo; baadhi zilionyeshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Lakini usitarajie gazeti la Amin likiri kwamba ndege yake imedunguliwa. Kwa hilo soma magazeti ya Dar es Salaam, kuanzia mwisho wa Oktoba 1978. Aliyeiangusha ndiye mwenye hamu ya kutangaza.

Mama Masaka
Mwanangu, vuka mpaka pale Mutukula uende Kyaka, upande wa Tanzania. Ndege ikianguka shambani kwa mtu, kijiji hakisahau. Ila usitangulize picha ya sare. Watu wale walichomewa nyumba, wakaporwa ng'ombe, wakazika watoto. Pitia kwa mwenyekiti wa kijiji, wape pole kwanza, halafu sema umetumwa na mama anayemtafuta kaka yake. Kuna wazee watakaokataa kuzungumza. Usiwalazimishe.

Mpwa, Arua
Asanteni sana. Mwalimu mmoja hapa amesoma muhuri: Frunze, 1974. Mama amelia, hakuwahi kujua kaka yake alifika wapi.

Afande Mstaafu
Frunze ndiyo Bishkek ya leo, Kyrgyzstan. Palikuwa na chuo cha marubani wa nchi za nje. Njoo inboksi na jina lake kamili. Yuko mzee mmoja kule Bombo, nataka umpigie wiki hii, afya yake si nzuri.