Kikundi cha kuhudumia wagonjwa tunaambiwa TUKAKOPE! Hivi hawa watu wa halmashauri wanatuonaje?

Kamwene wakuu. Leo sina lugha laini, mtanisamehe.

Niko kwenye kikundi cha kujitolea mkoani Njombe. Tunawafuatilia WAVIU (watu wanaoishi na VVU) walioacha dawa, tunawapeleka wagonjwa CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU), tunawaangalia watoto walioachwa na wazazi. Tumesajiliwa, katiba tunayo, akaunti benki tunayo, taarifa tunapeleka kila robo mwaka. Jina la halmashauri silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Hali ya huku mnaijua. Utafiti wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Taifa zima ni 4.4. Kila Desemba mosi namba hizi zinasomwa jukwaani, fulana zinagawiwa, na sisi tunasimamishwa tupigiwe makofi: "hawa ndio nguzo ya jamii". Basi wamekariri kwamba nguzo haili.

Januari 2025 Rais Trump wa Marekani akasitisha misaada ya nje kwa siku 90, na baada ya hapo mengi hayakurudi. Niwe mkweli, dawa kituoni kwetu hazikukatika. Kilichokatika ni kazi ya nje ya kituo: posho ya WAVIU washauri, nauli, vocha ya kumpigia aliyepitisha tarehe ya kliniki. Pikipiki ya mradi uliokuwa ukilipwa na misaada hiyo ilifuatwa, ikapakiwa kwenye Canter, kwaheri. Wafanyakazi wa mradi wakarudi Dar. Wagonjwa wako palepale.

Wa mjini mnaweza kudhani kufuatilia mtu ni kupiga simu tu. Chukua kijana mpasua mbao. Kaingia msituni na dawa za mwezi mmoja, kazi imerefuka, simu haishiki, na hataki wenzake kambini wajue. Kumfikia ni bodaboda elfu kumi na tano, mvua ikinyesha dereva anataka elfu ishirini au anakataa kabisa. Ukifika lazima ujifanye umemletea ujumbe wa nyumbani, umvute pembeni, ndipo mzungumze. Kazi hiyo sasa anaifanya mama mmoja wa kikundi chetu kwa hela yake ya viazi, daftari la wagonjwa kalifunga kwenye nailoni lisilowe. Nesi wa kituo hawezi kuacha foleni akaingia msituni, na wala simlaumu.

Tukaandika andiko, tukaomba ruzuku halmashauri. Hela ya nauli na vocha tu, hakuna semina wala chai ya wajumbe. Jibu: "Hakuna kasma (fungu kwenye bajeti) ya vikundi vya kujitolea. Ombeni mkopo wa asilimia kumi."

Mkopo! Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu. Haina riba, sawa, lakini inarejeshwa, na ni ya vikundi vya ujasiriamali. Sisi tunauza nini? Nimtoze yatima? Nimdai yule kijana gharama ya kumtafuta? Afisa akatushauri tufuge kuku kwanza, faida ndiyo tuhudumie wagonjwa. Kuku wakifa kwa mdondo tunaitwa wadaiwa sugu, na wagonjwa wamesubiri bure.

Halafu msituambie hela hakuna. Malori ya mbao, viazi na parachichi yanapita getini kila siku, ushuru unakatwa. Mfuko wa UKIMWI upo kisheria tangu 2015, na kwenye bajeti ya 2025/26 tuliambiwa sehemu ya tozo mpya inaingia humo. Sisi tunaokunywa bia na kujaza mafuta tunachangia. Inashuka mpaka kijijini kwa njia gani?

Najua atakuja mtu hapa na hoja ya NGO za mfukoni. Zipo, tena nyingi, na zingine ni za wakubwa. Basi kagueni! Lipeni kwa kila mgonjwa aliyerudi kwenye dawa, CTC wanaye kwenye kumbukumbu zao, hadanganyi mtu. Daftari letu liko wazi kwa mkaguzi wa halmashauri siku yoyote.

Mwenye kujua mlango wa kugonga kwenye huo Mfuko aseme. Na madiwani wa Njombe mliomo humu kwa majina bandia, mnajijua: kwenye bajeti ijayo kasma ya ruzuku kwa vikundi mtaiweka au hamtaiweka?