Naenda Kilimanjaro peke yangu: niungane na kundi la watu nisiowajua, siku nane Lemosho?

Mkazi wa Sakina

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Arusha, kazi yangu ni ya ofisini, kukaa kwenye kiti asubuhi hadi jioni. Nimepata likizo mwezi wa tisa na safari hii nimeamua kupanda Kilimanjaro. Tulipanga watatu, wenzangu wameingia mitini. Mmoja kapewa safari ya kikazi, mwingine mke wake anajifungua mwezi huohuo, huyo simlaumu kabisa.

Kampuni niliyoongea nayo wananipa njia mbili. Ya kwanza ni Marangu siku tano, mimi na kiongozi wangu tu. Ya pili ni Lemosho siku nane, kuna kundi lina nafasi moja naweza kuunganishwa nalo.

Miguu hainipi wasiwasi. Jumapili napandisha Ilboru mpaka msituni na kurudi. Kinachonitatiza ni hao watu. Mimi ni mtu wa maneno machache, sijui siku nane nitaongea nini na watu ambao sijawahi kuwaona. Mezani nao, njiani nao, hema jirani nao. Waliowahi kupanda naomba mawazo yenu.

Baba Wawili

Mkuu, Marangu. Kuna mabanda yenye vitanda, Mandara, Horombo, Kibo, hulali kwenye hema hata siku moja. Kilele ni kilekile, mita 5,895. Siku nane za nini?

Dada wa Rau

Mdogo wangu, nenda Lemosho, na nenda na hao watu. Mimi ni mtu wa mlimani. Nilianza kwa kubeba mizigo, baadaye nikaingia jikoni, na mpaka leo napika kwenye njia hiyo. Naishi Rau, Moshi.

Baba Wawili yuko sahihi, kilele ni kilekile. Ila pale juu unakaa muda mfupi sana. Upepo unapiga, vidole vimekufa ganzi, unapiga picha, unashuka. Safari yenyewe ni zile siku za kabla yake, na Lemosho inakupa nyingi. Unaanza na msitu wenye mbega, unaukata uwanda wote wa Shira ukitokea magharibi, unaenda Lava Tower, halafu kambi za Barranco, Karanga na Barafu. Siku ya Lava Tower mnapanda mpaka kama mita 4,600, mnakula palepale, halafu mnashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili unaonja hewa nyepesi kisha unapumzika. Kwenye siku tano nafasi hiyo huipati, na wengi kichwa kinawashinda kabla ya miguu.

Sasa hilo la watu, ambalo ndilo ulilouliza. Nimeona makundi mengi ya wasiojuana yakiingia pale geti la Londorossi. Siku ya kwanza kila mtu anakumbatia begi lake, chai inanyweka kimya. Hakuna atakayekulazimisha kuongea, na mwendo wenyewe hautaki maneno. Mnakwenda pole pole, mstari mmoja, macho kwenye visigino vya aliye mbele yako. Lakini visigino hivyo unavitazama kutwa nzima, kesho yake tena. Unafika mahali unajua mwenzako goti linamuuma kabla hajasema. Jioni unamuuliza, "Goti vipi, limetulia?" Anakujibu, anakuuliza wewe. Siku ya tatu mnajua nani anakoroma na nani hali maharage.

Kuna kundi moja siwezi kulisahau, Watanzania wanne. Mwalimu mmoja mama wa Singida, kijana mwenye duka la vipuri Kariakoo, na dada na kaka kutoka Mwanza. Yule kijana alikuwa kama unavyojieleza wewe, salamu na basi. Tulipofika Karanga ukungu ulishuka mapema na baridi ikawa kali, hema la kulia chakula likawa halikaliki. Mwalimu akaja jikoni kuota joto la jiko, akanikuta namenya viazi, akachukua kisu bila kuambiwa. Wale ndugu wakamfuata. Mwisho kijana naye akachungulia, nikampindulia ndoo akaikalia.

Alikuwa anamenya ganda jembamba, linatoka refu halikatiki. Mwalimu akamuuliza, "Mwanangu, nani kakufundisha?" Akasema bibi yake, Lushoto, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Akaanza kumsimulia huyo bibi: alivyokuwa anauza viazi mnadani, alivyomsomesha, alivyokuwa anahesabu hela usiku kwa kibatari. Alisimulia mpaka supu ikaiva na hakuna aliyemkatiza, hata wagumu wangu wawili, yaani wabeba mizigo, waliokuwa wanaosha vyombo walisimama kusikiliza.

Usiku wa kilele mwalimu alifika Stella Point, ukingoni mwa kreta, akakaa chini, akasema yeye imetosha. Kiongozi akambembeleza weee. Kijana akaja, akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Mama, twende taratibu, mimi nipo." Akampa mkono mpaka Uhuru, kileleni kabisa. Sikuwepo pale juu, mimi nilikuwa Barafu naandaa uji, lakini niliwaona wakirudi bado wameshikana mikono, na mwalimu mwenyewe ndiye alinieleza. Mwaka uliofuata kwenye sendofu ya binti yake tuliitwa wote. Nilipanda basi mpaka Singida na mkungu wangu wa ndizi mshare.

Halafu wagumu. Wageni wengi wanadhani wenzao wa safari ni wale waliolipa pamoja nao, wakati kwenye kundi la watu watano kuna wanaume na wanawake wengi zaidi wanaotembea kwa ajili yao. Mzigo wa mgumu unapimwa kwenye mizani getini, kikomo kilo 20. Maji ya mwisho kwenye njia ile yako bonde la Karanga, kwa hiyo chai utakayokunywa Barafu kuna mtu ameyabeba maji yake kupandisha ule mlima wote. Waulize majina siku ya kwanza, wanatoka wapi, wana watoto wangapi. Kwenye Ukuta wa Barranco kuna mahali unaukumbatia mwamba kifua kikigusa jiwe, mguu unapapasa pa kukanyaga. Mgumu aliyeshapita atarudi kukupa mkono. Umwite kwa jina lake.

Na ukibahatika kuwa na Mchaga na Mpare kwenye timu moja, kaa karibu nao jioni. Utani wao unapasha joto kuliko koti.

Mtembeza Watu, Karatu

Dada wa Rau amemaliza kila kitu kuhusu mlima. Mimi naongezea upande wa huku, maana natembeza watu kutoka Nainokanoka mpaka Ziwa Natron kwa miguu. Tunapita Bulati, kreta ya Empakaai, Naiyobi, halafu tunateremka bonde la ufa mpaka Engare Sero, mlima Ol Doinyo Lengai ukiwa mbele yetu. Mizigo inabebwa na punda, wenye punda ni Wamasai wa hukohuko, na askari wa hifadhi yuko nasi na bunduki kwa ajili ya nyati.

Nilikuwa na mama mmoja Mmarekani, mtu mzima, aliyewahi kuitembea Appalachian Trail yote. Ile njia ina kama kilomita 3,500, inaanzia Georgia inaishia Maine, inapita majimbo 14. Alinieleza kwamba huko watembezi wanabandikana majina mapya njiani, wanajuana kwa hayo tu, na kuna wakazi wanaopeleka chakula na vinywaji porini kwa wapitaji ambao hawatawaona tena. Nilikuwa namsikiliza nikiona kama anasimulia nchi nyingine kabisa. Karibu na Bulati mvua ikatukuta, boma moja wakatuingiza ndani, tukapewa maziwa kwenye kibuyu, watoto wakamkalia magotini. Akaniambia, "Ni hiki." Basi. Mpaka Natron yeye na kijana wa punda walikuwa wanatembea pamoja mbele, hana Kimasai, kijana hana Kiingereza, na walikuwa wanacheka njia nzima.

Kwa hiyo wewe wa maneno machache, usiogope.

Baba Wawili

Haya, hapa nimenyamaza. Mimi nilipanda Marangu na kaka yangu, hatukumjua mtu mwingine hata mmoja.

Mkazi wa Sakina

Shikamoo dada. Nimesoma mara mbili, na leo mchana nimelipia Lemosho. Wenzangu ni wanne, nimeambiwa mmoja anatoka Tanga. Niwabebee nini? Na wagumu je?

Dada wa Rau

Marahaba mdogo wangu, hongera sana!

Wenzako wabebee tende na kashata, juu kule hamu ya chakula inapotea lakini kitamu kinapita. Chukua na karata, jioni ni ndefu. Wewe mwenyewe tochi ya kichwani na betri za akiba, ulale nazo ndani ya begi la kulalia kwa sababu baridi inamaliza chaji. Usiku wa kilele chupa ya maji ikae kichwa chini, barafu inaanza kuganda juu na utaweza kufungua. Viatu anza kuvivaa sasa hivi, uende navyo hata kazini.

Wagumu ukiwa na soksi nene au glavu nzuri ambazo huzihitaji tena, watazipokea kwa mikono miwili. Tipu jadilianeni ninyi watano mkiwa Barafu baada ya kushuka kileleni, au jioni yake kwenye kambi ya Mweka. Asubuhi ya mwisho, kabla watu hawajatawanyika getini, mmoja wenu asimame asome kiasi cha kila mtu mbele ya wote, kiongozi, mpishi, wagumu, kila mmoja asikie chake na aitwe kwa jina. Kama wenzako watakuomba wewe ndiye usome, kubali.