Flashi kwa wanyama wa usiku: ipigwe marufuku?

Mleta mada: Wakuu, kuna wanaotaka flashi ipigwe marufuku kabisa kwa wanaopiga picha wanyama pori usiku. Napinga, na mimi ni mtu wa kamera za filamu. Anayemkurupusha mnyama ni binadamu anayemnyemelea. Funga kamera kwenye tripodi, kaa kando na kipira cha hewa mkononi. Ukikibinya, hewa inapita kwenye mpira mrefu, inasukuma kipini, shata (kilango cha kamera kinachopitisha mwanga) inafyatuka. Flashi ya kizamani nayo huwaka mara moja tu, takribani sehemu ya 1,000 ya sekunde. Hizi za kisasa zinazojipimia zenyewe hutangulia kumulika kabla ya mwako wenyewe.

Tena si mambo ya jana. Mmarekani George Shiras aliweka bunduki chini akawa anawategea kulungu kamba iliyounganishwa na kamera na unga wa magnesiamu. Jarida la National Geographic lilitoa picha zake 74 Julai 1906.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, huyo Shiras anakuumbua. Unga ule ulilipuka kwa kishindo na moshi, na katika picha zake wamo kulungu waliokurupuka wakitimua mbio. Halafu kuna jambo umelikwepa: kamera nyingi za filamu hazina mota ya kuvuta filamu. Ukishapiga moja, nani anavuta filamu? Ni wewe, unainuka gizani na kwenda hadi kwenye kamera, kila picha. Ukifunga mota, mngurumo wake utasikika mbali. Na mboni ya mnyama wa usiku imepanuka kabisa. Bundi akimulikwa akiwa angani anatua wapi?

Mleta mada: La mota umenipata, sina jibu zaidi ya kuridhika na picha moja na kuondoka. Ila mwanga unapunguzika. Chukua flashi yenye namba ya mwongozo (kipimo cha nguvu yake) 28 kwa mita na filamu ya ISO 100 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga). Mnyama akiwa mita 5, unagawa 28 kwa 5, unapata f/5.6, kipimo cha tundu la lenzi. Weka filamu ya ISO 400, tundu lilelile, umbali uleule: robo ya mwanga inatosha. Flashi yenyewe itoe juu ya kamera, iende pembeni kwa waya, isimchome machoni. (Na shata ishuke hadi 1/60 ya sekunde kama ni ya pazia la kitambaa linalopita mbele ya filamu, la sivyo nusu ya picha inakuwa nyeusi na mnyama umemmulika bure.)

Mchangiaji wa pili: Hesabu zako ni safi, ila sheria haisimamiwi kwa hesabu. Askari wa hifadhi aliye mbali anaona mwako tu. Hawezi kujua kama ni robo au nguvu yote, wala kama ni wa kwanza au wa 30. Ndiyo maana marufuku inampendeza. Mimi ningekubali kibali cha usiku mmoja, tena mbali na viota na wenye watoto.

Mchangiaji wa kwanza: Hata hicho kibali nina wasiwasi nacho. Atakipata mwenye pesa, na huyo ndiye mwenye mota.

Mleta mada: Kwenye viota sibishani, flashi isiwashwe. Kibali nakikubali kwa sharti: kitaje idadi ya mimweko, na filamu ikaguliwe ikishasafishwa. Ukanda wa negativu una namba pembeni, fremu kwa fremu.

Mchangiaji wa pili: Na aliyeficha filamu ya pili mfukoni?