Karatasi ya kliniki yasema CD105 asilimia 97. Je, yathibitisha kuwa ni seli shina?

BintiKibokoni
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa watu wa maabara. Mamangu yuaumwa na magoti yote mawili, na ngazi za nyumba zetu hapa Mji wa Kale mwazijua zilivyo wima. Daktari wa mifupa alimwambia gegedu, ule utando laini wa ncha za mifupa, limelika. Sasa kliniki moja imemwahidi kumdunga seli shina, yaani seli ziwezazo kugeuka seli za aina nyingine, zilizotolewa kwenye kitovu cha mtoto mchanga, naye ameshaanza kuzungumza na wajomba juu ya kuuza kiwanja cha Kisauni.

Nilipoomba ushahidi nikapewa karatasi ya vipimo vya protini za juu ya seli, ambazo huitwa kwa herufi CD na namba. CD73 asilimia 99, CD90 asilimia 98, CD105 asilimia 97. CD34 na CD45 chini ya asilimia 1. Chini pana muhuri: "seli shina zimethibitishwa". Nasomesha biolojia sekondari, kwa hivyo protini za utando wa seli si ngeni kwangu, lakini namba hizi zathibitisha nini hasa? Sitaki kumvunja mama moyo bila sababu, wala sitaki auze ardhi kwa ajili ya muhuri.

MkaaziLikoni
Mpe mama pole. Mimi CD niijuayo ni CD4 tu, ile watu wanayopimwa kliniki za HIV. Ni jamaa moja na hizi?

BiMaabara
Mwanangu, pole kwa mama. Na wewe wa Likoni umeuliza vizuri, naanzia kwako.

Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya hospitali hapa Pwani, na sehemu kubwa nilikuwa kwenye mashine ya CD4. Ndiyo, ni orodha moja. Mwaka 1975 Köhler na Milstein, kule Cambridge, walipata njia ya kuzalisha kingamwili (protini za kinga zinazonasa kitu maalumu) za aina moja tupu, zinazoshika shabaha moja tu. Maabara nyingi zikaanza kuzitengeneza, kila moja ikiziita kivyake, mpaka wanasayansi walipokutana Paris mwaka 1982 wakaanza kuzipanga, pamoja na protini zinazoshikwa nazo, kwa namba za pamoja za CD. CD4 imetoka kwenye mpango huo, na CD105 pia.

Kipimo nacho ni kile kile. Kingamwili hubandikwa rangi inayong'aa, ikachanganywa na seli, ikashika protini iliyo juu ya utando. Halafu seli hupita moja moja mbele ya leza na mashine ikahesabu zilizong'aa. Asilimia 97 maana yake katika kila seli 100 zilizopimwa, 97 zilikuwa na CD105 usoni. Zaidi ya hapo mashine haijui kitu.

Na kila aliyepima CD4 anajua jambo hili: monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, nazo zina CD4, ingawa kidogo. Ukihesabu kila kilichong'aa, utampa mgonjwa hesabu isiyo yake. Ndiyo maana twaisoma pamoja na CD3, ambayo monosaiti hazina, tupate limfosaiti T peke yake, zile seli nyeupe tunazotaka kuzihesabu. Ni nadra protini ya usoni kuwa ya seli za aina moja tu.

Sasa karatasi yako. Viwango hivyo vimetoka kwenye masharti ya mwaka 2006 ya chama cha kimataifa cha tiba ya seli, kuhusu seli za mesenkaima, ndizo hizi kliniki inazoziita seli shina: CD73, CD90 na CD105 zionekane kwenye asilimia 95 ya seli au zaidi, CD34, CD45, HLA-DR (nayo ni protini ya usoni mwa seli) na nyingine chache zisizidi asilimia 2. Kwa hilo kliniki imefaulu, ingawa HLA-DR hukuitaja. Lakini hilo ni sharti moja kati ya matatu. Seli hizo pia zishike sakafu ya chombo cha plastiki zinapooteshwa, na maabarani zithibitike kuwa zinaweza kugeuka mfupa, mafuta na gegedu. Hili la mwisho ndilo zito, na kwa ulivyoiandika karatasi, silioni.

Uzito wake ni huu: fibroblasti, seli za kawaida kabisa za ngozi, ukiziotesha zina CD73, CD90 na CD105 vilevile, na CD34 na CD45 hazina. Ngozi ya mkono wangu ingeweza kutoa karatasi kama hiyo. Ni kama sare ya shule: yaonyesha mtoto yuasoma wapi, haionyeshi kama yuajua hesabu.

Usinielewe kwamba nazidharau protini hizi. CD34, iliyotambuliwa na kundi la Civin mwaka 1984, inategemewa katika kupandikiza seli shina za damu. Madaktari hutaka angalau seli milioni 2 zenye CD34 kwa kila kilo ya mgonjwa. Alama ile iliaminiwa kwa sababu ilionekana kwamba seli zinazoibeba zikitiwa mwilini, damu inarudi kutengenezwa. Kwa magoti hatujafika hapo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lenye wagonjwa zaidi ya 400 wa magoti yaliyolika; kundi moja lilidungwa seli za kitovu. Baada ya mwaka, seli hazikushinda sindano ya kawaida ya steroidi.

MwanafunziKilifi
Shikamoo Bi. Naongeza kidogo. Dada, tazama tarehe ya kipimo. Seli hizi huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na zikiyeyushwa nyingine hufa. Seli iliyokufa hunasa kingamwili ovyo na yaweza kung'aa bila kuwa na protini yoyote. Karatasi nzuri itaandika asilimia ya seli hai, na namba ya kundi la seli, ili ujue walizopima ndizo atakazodungwa mama.

BintiKibokoni
Marahaba kwa niaba ya Bi, na ahsanteni sana. Nimeitazama upya: tarehe hakuna, namba ya kundi hakuna, HLA-DR hakuna. Swali la mwisho. Hakuna protini yoyote ambayo ikionekana tu, basi hiyo ni seli shina ya gegedu?

BiMaabara
Hakuna, mwanangu. CD271 husaidia kuzichagua kwenye uboho mbichi, lakini ukishaziotesha maabarani hupungua sana. Uso wa seli hubadilika kwa mazingira, na hata tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua kwenye chombo, hukata baadhi ya protini. Kwa hivyo usimuulize daktari wa kliniki juu ya CD nyingine. Mwambie akuonyeshe picha za seli hizo zikiwa zimegeuka gegedu, na majibu ya vipimo vya HIV na homa ya ini B na C vya mama aliyetoa kitovu. Hivi vya virusi viombe kwanza, leo, kabla wajomba hawajapata mnunuzi.

Na mama aende kwa mtu wa fizio, wa tiba ya mazoezi. Misuli ya mapaja ikipata nguvu, maumivu ya goti hupungua kweli, na kiwanja kinabaki chake.