Wajukuu wa Bi Mwantumu: Rukia yuko Narita

Rukia: Assalam alaykum wote. Nimeamka nipo Japani salama, jana usiku hata simu nilishindwa kushika, Doha mpaka huku masaa kumi na abiria wangu hawakulala wallah kila dakika kengele

Mama Rukia: Waalaykum salaam mwanangu alhamdulillah. Sasa si uendelee kulala, leo usiku unaruka tena

Rukia: Nimelala masaa tisa mama. Dirisha la hoteli linatazama uwanja wa ndege, ndege nimezichoka. Nimepanda basi la hoteli nimeshuka Narita mjini

Shabani: ndo Tokyo iyo??

Rukia: Tokyo ni karibu kilometa 60 toka hapa. Ndo ivyo, kila mtu akisikia Narita anajua uwanja tu anapita zake. Kumbe uwanja ni mtoto wa juzi, umefunguliwa 1978, hekalu la hapa lipo tangu 940

Mjomba Mwalimu: 940 Miladia? Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja ni mwaka 500 Hijria yaani 1107. Wametupita miaka 167. Endelea.

Shabani: Mwalimu ata jumapili 😂

Mama Mdogo Saumu: Huko saa ngapi mwanangu mbona kwetu ndo kwanza chai

Rukia: Mama mdogo hii ndo imenifurahisha. Saa ya hapa stesheni inasema 1, mchana. Na kwenu ni saa moja asubuhi. Tofauti ni masaa sita kamili kwaiyo mshale wa Mjapani ukiusoma Kiswahili unapata saa ya Tanga, sina haja ya kupiga hesabu

Mama Mdogo Saumu: Ehee kwaiyo wao ndo wanasoma saa vizuri

Rukia: [picha 4]

Rukia: Huu mtaa unaitwa Omotesando, unatoka stesheni unateremka unapinda pinda mpaka mlangoni kwa hekalu, kama mita 800 ivi, maduka ya mbao ya zamani kushoto kulia. Wanauza karanga kila hatua mana huu mkoa wa Chiba ndo unaoongoza kwa karanga Japani nzima, za kukaanga, za kupaka sukari, nimeonja mpaka aibu. Alafu nikakuta foleni na moshi nikajua hapa pana kitu. Nimekula mkunga

Zuhura: UMEKULA NANI

Zuhura: Ngoja nimsomee bibi

Bibi Mwantumu: [sauti 0:22]

Zuhura: Bibi anasema amezalisha watu Tanga hii miaka arobaini mkunga anayemjua yeye ni yeye mwenyewe, na hajaliwa 😂😂😂

Rukia: Samaki bibi!! Yule mrefu kama nyoka, huyu wa mtoni, wenyewe wanamwita unagi. Wanamchinja mlangoni watu wanaona, kichwa kinagongewa msumari kwenye ubao, kisu kinapita mgongoni sio tumboni, anafunguka kama kitabu. Alafu vijiti, anachomwa kidogo, anapikwa kwa mvuke, ndo anarudishwa kwenye mkaa. Laini yani unakata kwa kijiti cha kulia

Mjomba Salim: Kwanini mgongoni

Rukia: Wanasema huku zamani ilikuwa mambo ya samurai, wale wapiganaji wao, kupasua tumbo ni kujiua kwa hiyo nuksi. Osaka huko wao wanapasua tumbo bila wasiwasi

Mama Mdogo Saumu: Samaki sawa halali. Na iyo mchuzi mweusi ya kupaka nimeiona pichani? Mana nimesikia Mjapani anaweka pombe kila kitu

Rukia: Ndo ivyo, ile ya kupaka ina mirin, ni kama mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia. Niliuliza kabla sijakaa. Kuna anayechomwa mweupe bila kupakwa anaitwa shirayaki nikachukua huyo na chumvi. Jirani yangu wa meza akanionea huruma mana raha yenyewe ni ule mchuzi

Mama Mdogo Saumu: Allah akuzidishie. Bei?

Rukia: Zaidi ya yen 3,000

Mama Rukia: Ndo ngapi

Shabani: karibu elfu 50 mama mkubwa

Mama Rukia: Kwa samaki MMOJA???

*Saa tatu na nusu asubuhi, Tanga*

Rukia: Haya nimetoka hekaluni. Linaitwa Naritasan Shinshoji. Nilitaka nipige picha nje niondoke lakini nikasikia ngoma zinatikisa kifua nikaingia

Bibi Mwantumu: [sauti 0:09]

Zuhura: Anauliza umeingia kufanya nini

Rukia: Kuangalia tu bibi, nimekaa nyuma kabisa. Lakini wallah mtashangaa mambo yanavyofanana na ya kwetu. Unafika kuna birika la mawe na kata, unanawa mkono huu na huu, unasukutua. Mbele kuna chetezo kikubwa kama pipa, watu wanajivutia moshi kichwani, begani, penye maumivu, mama mmoja alikuwa anajifukiza goti. Kuingia ukumbini unavua viatu unabeba na mfuko. Nikasema hapa kama nimefika kwenye shughuli ya ukoo

Mama Mdogo Saumu: Moshi wa udi?

Rukia: Vijiti vya ubani wao, harufu kavu zaidi, udi wetu una mafuta. Ndani sasa hairuhusiwi picha. Makasisi wanaingia mstari, ngoma kubwa hiyo, wanasoma, katikati wanawasha moto wa vijiti vya kuni juu ya madhabahu moto unapanda kweli kweli. Unaitwa goma, wanaufanya mara kadhaa kila siku

Shabani: goma na ngoma inapigwa 😂

Rukia: Nilicheka pekeyangu kimoyomoyo. Alafu watu wakapanga foleni wanatoa mikoba yao, pochi, mifuko ya shule, kasisi anaipitisha kwenye moto kidogo anarudisha. Dada pembeni akaniashiria nipeleke wangu. Pasipoti imo ndani na kitambulisho cha kazi, nikaukumbatia

Mama Rukia: Vizuri sana

Mjomba Mwalimu: Huyo wanayemwomba ni nani?

Rukia: Fudo Myoo, ana upanga na kamba na nyuma yake miali ya moto, uso wa hasira. Hadithi yao kuna mtu aliasi anaitwa Taira no Masakado, kasisi Kancho akatumwa kuja na sanamu toka Kyoto aombe uasi uishe. Ukaisha. Alipotaka kurudi nalo sanamu likawa zito halinyanyuki, basi ikabidi wajenge hapo

Mjomba Mwalimu: Hadithi hizi zipo kila pwani.

Rukia: Mjomba Salim hii yako sasa. Kuna sehemu watu wanaleta MAGARI. Gari jipya linaombewa lisipate ajali, alafu unapewa hirizi ya kutundika au stika ya kubandika nyuma. Nimeona malori, teksi, wengi wanazo

Mjomba Salim: Stika ikoje

Rukia: Imeandikwa ivi 成田山

Mjomba Salim: ...

Mjomba Salim: Ya mwisho iyo kama uma wa kulia wali

Rukia: Ndio iyo ni mlima. Narita ndo mbili za mwanzo, alafu mlima

Mjomba Salim: [picha]

Rukia: MJOMBA

Zuhura: jamani ile ya kwenye Noah ya mjomba!!! kando ya taa!!

Shabani: we mjomba si uliniambia imeandikwa Toyota kwa Kijapani

Mjomba Salim: Niliuliza pale bandarini ndo nilivyoambiwa

Rukia: Ndo yenyewe kabisa yani nimefananisha na ya lango hapa nimesimama mpaka watu wananiona chizi. Mwenye gari wa kwanza alikuja nayo hapa hapa ikaombewa, akaichoka ikauzwa ikapanda meli mpaka Tanga

Mama Mdogo Saumu: Kaka bandua leo leo. Miaka yote tunapanda gari lenye hirizi, na kwenye maulidi tumeenda nayo

Mjomba Salim: Nilishajaribu na mafuta ya taa toka mwaka wa kwanza, gundi ya Mjapani haitoki nikizidisha inaondoka na rangi

Shabani: ila mjomba miaka sita ujagonga ata kuku

Mama Mdogo Saumu: Shabani tubia

Bibi Mwantumu: [sauti 1:47]

Zuhura: Haya. Bibi anasema kinga inatoka kwa Mungu sio kwa karatasi, na karatasi haijui hata imebandikwa wapi. Anasema Noah haijagonga kwasababu Salim anaendesha polepole mpaka abiria wanashuka wanatembea. Anasema lakini isionekane onekane mlangoni kwake siku ya ijumaa. Na anauliza Rukia anamletea nini

Rukia: 😂😂 Bibi nimekuletea halua yao, yokan, ni maharage mekundu na sukari, haina maziwa haina mafuta haina jelatini ya nguruwe, inagandishwa na mwani

Mama Mdogo Saumu: Mwani huu huu tunaokausha sisi??

Rukia: Mwani lakini aina nyingine. Ukila utadhani halua imesahaulika kwenye friji, ila bibi na meno yake itamfaa

Mama Mdogo Saumu: Uliza wananunua kilo bei gani

Rukia: Muda umeisha mama mdogo, maduka yenyewe saa kumi na moja jioni ya huku wanafunga, mtaa unakuwa mtupu kama hapajakuwa na mtu. Narudi hotelini niloweke miguu

*Saa kumi jioni, Tanga*

Rukia: Gari la wafanyakazi limefika. Naingia, simu nazima, muniombee

Mama Rukia: Safari njema mwanangu fi amanillah

Mjomba Salim: [picha]

Mjomba Salim: Nimemaliza kazi. Nimenunua ya Mashaallah ya dhahabu pale stendi nimebandika juu yake

Zuhura: Mjomba mbona fupi

Shabani: uma umebaki nje 😂😂

Mjomba Salim: Kubwa ziliisha